Bati la Ndege Mguuni Mwangu

Jirani yetu mpya anayeyusha sufuria kuukuu. Ananunua zilizotoboka, mifuniko iliyopinda na vipande vya injini, anavichoma kwenye tanuri la udongo, kisha anamimina uji wake kwenye mchanga na kutoa sufuria mpya. Upepo ukitoka upande wake, harufu inavuka ua na kuingia chumbani kwangu. Watu wa nyumbani wanasema hawasikii harufu yoyote isipokuwa moshi. Mimi naisikia. Kwa kipindi kirefu cha utoto wangu nililala na chuma hicho chepesi kimefungwa mguuni. Saa za adhuhuri, mabati ya paa yalipoanza kulia kwa joto, kilitoa harufu hiyo hiyo, kali kidogo, kama sarafu iliyoshikwa na mkono wenye jasho. Chini yake kulikuwa na harufu ya mafuta ya nundu ya ngamia na ya kitambaa kisichofuliwa.

Nilivunjika nikiruka kutoka juu ya lori la abti, kaka ya mama yangu. Lori lilikuwa limesimama uani, tupu, likinuka mbuzi waliopelekwa Nairobi. Binamu yangu Saadia alisema asiyeruka ni mwoga. Nilikuwa mtoto wa kunyamaza, na kukataa kulihitaji maneno, kwa hiyo niliruka. Mguu ulikatika katikati ya muundi, na nakumbuka nilishangaa kwamba niliweza kuusikia.

Kwetu mfupa ukivunjika watu hawaulizani waende wapi. Wanamwita Mzee Dida. Alikuwa Mborana mwembamba mwenye vidole virefu, aliyehamia mjini Isiolo kutoka Korbesa akiwa kijana, na kazi yake aliirithi kwa baba yake. Alikuja na mfuko wa ngozi, akakaa sakafuni, akaushika mguu wangu kama mtu anayepapasa mkate kuona kama umeiva.

"Lia sasa," akaniambia. "Lia yote. Baadaye hakuna kulia."

Aliponyoosha mfupa sikulia, nilikojoa. Ayeyo, yaani bibi yangu aliyemzaa mama, alinifunika haraka kwa shuka ili Saadia asione. Kisha Mzee Dida akatoa mfukoni vipande vya bati, vyembamba, vifupi, vimepinda kidogo kama ganda la mti. Akaviweka pande zote za mguu, na kimoja kirefu kilicholetwa siku hiyo kikapita goti mpaka pajani, akazungusha vitambaa vilivyopakwa mafuta, akakaza.

Mabati yale yalikuwa ya ndege. Kila mtu mtaani alilijua jambo hilo na hakuna aliyeliona la ajabu. Wakati Mwingereza alipopigana na Mtaliano huku kaskazini, ndege moja ya Waingereza ilianguka uwandani upande wa Korbesa. Askari waliichukua bunduki yake na kuiacha iliyobaki. Wafugaji wakangoja, wakaona hakuna anayerudi, wakaigawana kama wanavyogawana ngamia aliyechinjwa. Mmoja akapata beseni la kunyweshea ndama, mwingine mlango, mwingine upawa wa kuchotea maji kisimani. Baba yake Mzee Dida akaomba mbavu. Alisema bati lile ni jepesi, halishiki kutu, halinywi jasho, na linakubali umbo la mguu bila kukubali mguu uende unakotaka.

Tangu hapo lile bati refu lilihama kutoka mtu hadi mtu, na sheria ilikuwa moja. Aliyepona ndiye anayelipeleka bati kwa aliyevunjika anayefuata, kwa mguu ule ule uliopona, au kwa mkono ule ule. Halibebwi na mwingine, wala halirudishwi mfukoni. Watu walikuwa wametembea nalo mpaka Sericho na kurudi. Bati langu kabla yangu lilikuwa kwa mwanamke wa sokoni aliyegongwa na punda, na alikuja nalo siku ile ile, akichechemea na kucheka, akaliweka kitandani kwangu. "Mimi nimetoka," akasema. "Ingia wewe."

Niliingia. Sijui neno lingine la kueleza. Dunia yangu ikawa na ukubwa wa mlango. Kupitia mlango ule niliona nusu ya geti, mguu mmoja wa tangi la maji, gurudumu la nyuma la lori na jiko la ayeyo. Mama aliondoka alfajiri na mitungi ya maziwa ya ngamia, iliyofukizwa moshi mpaka ikanuka kama msikiti ulioungua, akarudi jua likiwa limepinda. Ayeyo alikaa kizingitini na tasbihi yake. Macho yake yalikuwa yamefifia, na alinijua zaidi kwa kupumua kwangu. Nikikaa kimya sana aliita, "Upo?" Nami nilijibu, "Nipo." Siku nyingine hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu yote.

Ngozi chini ya bati iliwasha. Nilichomeka ujiti wa fagio na kukuna mpaka ukakatikia ndani, nikaishi na ujiti huo pia. Nilijifunza kugeuka bila kugeuza mguu. Nilijifunza ni nzi yupi anauma na yupi anatembea tu. Zaidi ya yote nilijifunza kungoja siku ya kufunguliwa. Niliipenda siku hiyo kabla haijafika kama watoto wengine wanavyoipenda Idi.

Ndipo wakaja wageni.

Walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mzungu mwanamke, mwenye umri wa mama yangu au zaidi, pua imebabuka na jua, amevaa kofia ya kitambaa iliyofungwa kwa kamba chini ya kidevu. Wa pili alikuwa Mmeru wa Timau, Kirimi, fundi aliyewahi kutengeneza ndege ndogo za kubeba watalii na ambaye sasa, kwa maneno yake mwenyewe, alitengeneza zilizokufa. Mwanamke yule alikuwa wa kikundi cha watu huko kwao wanaozitafuta ndege za zamani za Waingereza popote zilipoanguka, wakazikusanya, wakaziweka mahali. Watoto wa mtaa hawakungoja jina lake. Walimwita Mama Ndege, naye alilikubali.

"Salaam aleikum," Kirimi aliita getini, ingawa alikuwa Mkristo.

"Aleikum salaam. Kaa chini, unywe kwanza," ayeyo akajibu, kabla hajauliza ni nani. Mama alikuwa amerudi. Akawapa maziwa. Mama Ndege aliyanywa yote, akabaki na masizi ya moshi kwenye mdomo wa juu, na mama akampenda hapo hapo.

Kirimi akaeleza. Wameshatoka Korbesa. Wamepata mlango, wamepata beseni, na wenyewe wamewaachia kwa hiari baada ya kupewa vingine vya kutumia. Lakini ndege za aina ile ziliundwa nyingi, na hawajui hii ni ipi. Kuna bati moja la ubavuni lililopigwa namba. Wameambiwa bati hilo lipo kwa fundi wa mifupa, na fundi amewaambia liko kwa mtoto.

Wote wakageuka kunitazama.

Nilivuta shuka mpaka shingoni. Mama Ndege alitabasamu, akasema kitu, na Kirimi akatafsiri: anauliza kama anaweza kuona tu, kidogo, upande wa nje.

Hapo ikawa taabu, kwa sababu sheria mbili zilikutana mlangoni petu. Mgeni aliyekunywa maziwa yako hafai kuondoka mikono mitupu. Na mguu uliofungwa na Mzee Dida haufunguliwi na mkono mwingine. Mama alikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake. Mwishoni akasema, "Siku Mzee Dida akifungua, mtakuwa hapa. Ninyi ndio mtakuwa wa kwanza. Hiyo ni ahadi yangu."

"Tutangoja," akasema Kirimi. "Ndege yenyewe imengoja kuliko sisi."

Ayeyo akauliza, "Sasa mkishaikusanya yote, itaruka?"

"Hapana, ayeyo. Itasimama tu. Watu wataitazama."

"Safari yote hii kwa kitu cha kusimama? Mimi pia nasimama tu. Mbona hamnichukui?"

Kirimi alicheka mpaka akashika ukuta. Mama Ndege alitaka kutafsiriwa, naye akacheka, akachelewa, peke yake. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesikia neno moja tu, kwamba ahadi imetolewa, na kilichoahidiwa kilikuwa mguuni mwangu.

Saadia alimalizia. Alikuja jioni ile na maembe mabichi na chumvi, akakaa mwisho wa kitanda.

"Unajua wanataka nini?" akaniuliza. "Wanaikusanya yote. Kila kitu kilichoguswa na ile ndege. Kule Korbesa kuna mzee alikuwa na jino la bati, wameling'oa."

"Uongo."

"Wallahi. Na wewe umekaa na bati muda gani? Limeshashikana na mfupa. Ndiyo maana wanangoja Mzee Dida. Yeye ndiye anajua kukata."

Akaondoka akilamba chumvi vidoleni. Leo nikimkumbusha anasema hakusema hivyo, na kama alisema alikuwa anatania. Ninamwamini. Lakini mtoto aliyelala hana namna ya kwenda kuhakikisha.

Wageni walimwomba mama nafasi ya kuweka vitu vyao uani, kwa kuwa lori la abti ndilo lingewapelekea Nairobi. Walitandaza turubai la kijani mbele kabisa ya mlango wangu. Juu yake wakaanza kupanga. Walienda Sericho wakarudi na kipande, wakaenda maboma ya njiani wakarudi na kingine. Kila kipande Mama Ndege alikilaza mahali pake, si ovyo, bali kama anavyolazwa maiti, kila kiungo upande wake. Mlango ukakaa hapa, beseni pale, mbele kikawekwa kitu cha mviringo kilichowahi kuwa kiota cha kuku. Pole pole ndege ikaanza kuonekana, imelala chali juani kama mtu aliyevunjika kila mahali.

Nilimtazama Mama Ndege akifanya kazi. Alipiga kila bati kwa ukucha na kuinamisha sikio, na hivyo ndivyo Mzee Dida alivyonipiga mguu juu ya vitambaa kila alipokuja, akisikiliza. Wote wawili ni wa mkono mmoja, nikawaza. Wanaelewana. Kila siku turubai lilijaa, na kila siku nafasi moja ubavuni ilibaki wazi, nyembamba, ndefu. Niliipima kwa macho kutoka kitandani. Ilikuwa na urefu wa mguu wangu.

Basi siku ya kufunguliwa ikageuka. Ile niliyoipenda kama Idi ikawa siku ya kuchinjwa kwangu. Mzee Dida alipokuja na kukaa sakafuni, aligonga, akasikiliza, akasema, "Naona tayari. Inauma?"

Haikuuma. Ilikuwa imeacha kuuma zamani. Nilifungua mdomo na hakuna kilichotoka, machozi tu, yakashuka mpaka masikioni kwa sababu nililala chali. Yeye akayasoma alivyozoea kuyasoma machozi ya wagonjwa.

"Bado," akamwambia mama. "Tuuache."

Akaja tena, tukarudia. Akaja tena. Mguu ndani ya bati ulipungua mpaka ningeweza kupitisha kidole kati ya kitambaa na paja, na goti likasahau kazi yake. Hata siku moja hakuna aliyenilazimisha kubaki. Mlango ulikuwa wazi na geti lilikuwa wazi. Niliwasikia watoto wa mtaa wakienda shule na kurudi, wakitajana majina, na baada ya muda jina langu likaacha kutajwa. Nilifungwa na bati upande mmoja na hofu upande mwingine, na kati ya hivyo viwili nilichagua bati, kwa sababu angalau lilikuwa limenizoea.

Wageni nao walikwama. Wangeweza kuondoka na sehemu kubwa ya ndege yao, lakini bila namba ingekuwa chuma tu. Mama Ndege alipita mlangoni kila asubuhi, akiweka mkono kifuani kunisalimu, nami nilifumba macho nijifanye nimelala. Aliniletea penseli za rangi. Sikuzigusa. Niliamini ni zile zawadi anazopewa mbuzi, majani mazuri, kabla ya Idi.

Ijumaa moja wanaume walienda msikitini, mama na Mama Ndege wakaenda sokoni pamoja, ayeyo akasinzia chumbani kwake. Kirimi alibaki uani peke yake, akisugua bati kwa kitambaa na kuimba wimbo wa kanisani chini ya pumzi, kwa heshima ya Ijumaa nadhani. Akasimama mlangoni kuomba maji. Jagi lilikuwa karibu nami. Nilimnyooshea.

Alikunywa, akashukuru, akageuka. Na sauti yangu, ambayo haikunitaka ruhusa, ikasema, "Mtakata wapi?"

"Tutakata nini?"

"Mguu."

Alirudi. Hakucheka. Aliketi kizingitini alipozoea kukaa ayeyo, akaweka jagi chini taratibu.

"Nani amekuambia tunakata mguu?"

Nilionyesha ile nafasi ubavuni mwa ndege. Akaitazama, akanitazama, akautazama mguu, na nikaona uso wake ukikunjamana kama wa mtu aliyekanyaga kitu cha mtu mwingine.

"Tangu tufike?" akauliza. "Siku zote hizi umelala hapo ukifikiri hivyo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mungu wangu. Mtoto, sisi tunataka kusoma namba tu. Lile bati fundi akikufungua litatoka lenyewe, kama vile kiatu. Mguu ni wako. Nani atafanya nini na mguu wako Uingereza? Utapata baridi tu."

Nilitaka kuamini lakini nilikuwa na swali lingine. "Ndani ya ndege alikufa baba yake?"

"Baba yake Mama Ndege? Hapana. Hakufa mtu. Rubani alitembea mpaka kisimani, wafugaji wakampa maziwa."

"Basi anatafuta nini?"

Kirimi alitazama turubai. "Anaipenda tu," akasema. "Mimi pia. Hakuna sababu nyingine. Kuna watu wanapenda mpira."

Nikauliza, "Na huko itakaa wapi?"

"Kwenye jengo kubwa. Vipande vidogo vinawekwa ndani ya kioo, kinafungwa kwa ufunguo. Haviguswi tena."

"Milele?"

"Milele na milele, amina," akasema, na sasa akacheka.

Mzee Dida alipokuja tena na kuuliza kama inauma, nikasema, "Hapana." Mama aliangusha kikombe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumjibu mzee yule kwa neno.

Alifungua wote wakiwa wamesimama. Vitambaa vilitoka vimekauka kama magome. Mabati mafupi yakatoka, kisha lile refu, na upande wake wa ndani, uliokuwa ukilala juu ya muundi wangu, kulikuwa na namba zilizogongwa moja moja. Ngozi yangu ilikuwa imezinakili, zimeingia ndani, zimegeuka kinyume. Mama Ndege alipiga magoti, akazisoma kwa sauti, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Alilia kwa furaha, kabisa, bila aibu. Wakati huo huo mama alikuwa ananishika kwapani, akisema simama, simama basi, nami nilisimama, na mguu haukuwepo. Ulikuwepo kwa macho, mweupe, mwembamba kama mwiko, lakini nilipoupa uzito haukujibu. Nikaanguka. Mtu mmoja analia kwa furaha na mwingine anaanguka katika chumba kimoja, na hakuna aliyekosea. Jambo hilo sijalisahau.

Mfupa ulikuwa umeunga sawasawa. Kilichoharibika ni muda. Mzee Dida alilipapasa goti, akanitazama usoni kwa muda mrefu, na nadhani hapo alielewa machozi yale yalikuwa ya nini. Alisema sheria tu. Kulikuwa na kijana wa Kipsing nyumbani kwake, amevunjika mkono, amefungwa vijiti kwa muda, anangoja. Bati hili litakwenda kwake. Na hakuna atakayelibeba isipokuwa huyu mtoto, kwa miguu yake.

"Mama huyu ameshaona namba," alimwambia Kirimi. "Amepata alichotaka. Picha apige. Bati bado lina kazi."

Mama Ndege alikubali. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli, alikubali mara moja, ingawa macho yake yalikwenda kwenye ile nafasi uani na kurudi.

Nilijifunza kutembea nikishika kitanda, kisha ukuta, kisha bega la Saadia, ambaye safari hii hakutania. Bati lilikuwa chini ya mto wangu. Nililigusa kila nilipolala. Watu walidhani nalipenda. Nililichukia kwa namna nisiyoweza kusema. Nilimfikiria yule kijana wa Kipsing akiingia, na baada yake mwingine, na mwingine, kila mmoja akilala akitazama mlango wake. Mabati mengine mafupi nilikuwa nimeyasahau, hayo yangeenda popote. Hili refu ndilo nililotaka lifungwe lenyewe.

Asubuhi ya kupakia, abti alirudisha lori kinyumenyume mpaka kwenye turubai. Mzee Dida alisimama getini na kijana wa Kipsing, mrefu, shanga shingoni, mkono kifuani. Majirani walikuja, maana kuona mtu akilitembeza bati ilikuwa kama kuona harusi. Ayeyo alishikwa mkono akaletwa kizingitini. "Anatembea?" akauliza. "Niambieni, anatembea?"

Nilitoka. Jua lilinipiga nikafumba jicho moja. Bati nililishika kwa mikono miwili mbele yangu, na mguu niliuburuta, goti gumu, nikachora mstari vumbini. Wanawake walipiga vigelegele. Njia ya geti ilipita pembeni mwa turubai. Nilipofika hapo nilisimama, nikainama upande kama ngamia anayepiga goti, na nikaliweka bati kwenye ile nafasi ubavuni mwa ndege. Halikuenea vizuri. Lilikuwa limepinda kwa miguu ya watu wengi, likakaa limeinuka ncha.

Vigelegele vilikatika.

"Si hapo, mtoto," akasema Mzee Dida. "Lete huku."

"Hapo," nikasema.

Mama alisema jina langu, kwanza kwa sauti ya chini, kisha ya juu. Kirimi alikuwa ananong'ona haraka, na Mama Ndege akafahamu. Hakusogea kulichukua. Alimtazama Mzee Dida, mikono nyuma, kama mwanafunzi.

Kijana wa Kipsing alisema, "Kwa hivyo mimi ni wa vijiti tu, kama mbuzi?" Hakuna aliyecheka.

Mzee Dida angeweza kuja kulichukua, ilikuwa hatua chache, na hakuna ambaye angemzuia. Lakini baba yake aliiacha sheria ile bila mlango wa pembeni.

"Aliyepona ndiye anayepeleka," akasema. "Amepeleka."

Akageuka akaondoka, na kijana akamfuata. Mkono wake ulipona kwa vijiti, nilikuja kusikia, ukapona vizuri. Mzee Dida hakuingia tena nyumbani kwetu. Mtaani wanasema mguu wangu ulibaki mgumu kwa sababu niliikata njia ya bati. Mama hawezi kuwajibu, na mimi sijawahi kuwaeleza.

Wakapakia. Mama Ndege alinikumbatia kwa nguvu mpaka kofia yake ikaanguka. Aliamini nimempa zawadi. Kirimi peke yake aliniangalia kwa namna nyingine, akaninyooshea kidole kama mtu anayemwonya mwenzake wa mchezo, kisha akapanda mbele na abti. Lori likatoka, majirani wakatoka nyuma yake, na uani kukabaki alama ya turubai, udongo safi wenye umbo la mraba.

Geti liliachwa wazi. Nilitembea mpaka hapo. Nje kulikuwa na barabara, mbuzi, mtoto anasukuma gurudumu, mambo yote niliyokuwa nimeyahesabu kwa masikio. Niliyatazama. Hakuna kilichonishika. Nikasimama mpaka mguu ukaanza kutetemeka, kisha nikarudi ndani, nikalala chali, nikaunyoosha mguu pale ulipozoea kulala.

Mama alinikuta hivyo. Aliketi mwisho wa kitanda, hasira imemwisha, akanishika kidole gumba cha mguu.

"Sasa umefunguliwa," akasema. "Toka nje, mama. Nenda ukacheze."

Nikamwambia, kesho.